Vidonge vya Presha vya Bi Mwanaidi

Mama, shikamoo. Dodoma ni upepo na vumbi jekundu, na mboga yao ya mlenda inanichuruzika mpaka kwenye kiwiko.

Tangu biashara iwe huria dawa zinaingia kutoka kila upande, nami nimetumwa kukusanya za presha tukazipime maabara. Tunahofia zina chembe za sumu inayoharibu vinasaba. Ni kidogo mno, hata mashine haiioni mpaka kwanza tuiunganishe na kemikali nyingine.

Leo, kwenye mtaa wa Chang'ombe wa hukuhuku Dodoma, Bi Mwanaidi, muuza vitenge, alinipa vidonge vyake viwili, kisha akanishika mkono.

"Mwanangu, hivi vilivyobaki nimeze au nitupe?"

Nilimwambia ameze, maana presha inaweza kumwua leo, na sumu hatujui kama imo. Akameza huku ananitazama machoni. Tangu hapo sijatulia.

Mama, dawa yake ni hiyohiyo unayotumia wewe. Usiiache, tafadhali, ila mwone daktari, umwulize kama ipo nyingine. Nikirudi, vidonge vya Bi Mwanaidi nitavipima vya kwanza.

Mungu akulinde, mama yangu.

Mwanao, Rehema