Mama Hakuwa Amesahau

Utende, Mafia
9 Juni 2025

Mpendwa Kaka Abdulhamidu,

Assalaam aleikum. Shikamoo kaka. Hujambo huko Mtwara, na wifi na watoto? Kile kifua bado kinakubana? Huku tu wazima, ila mama. Kombo wangu ameanza kusimama dede, anashika ukuta.

Na mama naye anashika ukuta, kaka. Ndiyo maana naandika. Kwenye simu siwezi, yuko hapa hapa ananisikia, na amenikataza nisikwambie.

Unakumbuka nilikwambia mama ameanza kusahau? Anatia udhu, anaosha miguu, kisha ananiuliza, "Umi, wa kushoto nimeosha?" Nikawa namjibu kwa ukali, Mungu anisamehe. Siku moja nikamwambia, "Mama nawe, hata maji hayajakauka!" Akacheka, akaosha tena.

Hakuwa amesahau. Maji alikuwa hayasikii.

Nilishtuka siku aliporudi kutoka kwenye mwani na kandambili moja. Ya pili imebaki topeni, naye hana habari. Nikampeleka hospitali Kilindoni. Daktari, kijana tu, akampima sukari, hana. Akamwambia afumbe macho, akagonga kijichuma kinachotetemeka, akakiweka kwenye kidole gumba cha mguu. Mama katulia kimya, halafu akamwuliza, "Haya mwanangu, utaanza lini?"

Alikuwa ameshamaliza. Nilitoka nje na mtoto mgongoni nikalia.

Daktari anasema huenda mishipa ya fahamu imebanwa mgongoni, au damu imepungukiwa vitamini. Hawezi kujua bila picha ya mgongo, na hiyo mpaka Dar es Salaam. Tusikawie, miguu ikizidi kulegea huenda isirudi. Lakini wapo waliowahi na wakatembea tena. Neno hilo nimelishika.

Mama hataki. Eti ni uzee tu, na mwani wake nani atautazama. Mimi ananiona mtoto. Wewe atakusikiliza. Usipige simu kaka, njoo umchukue.

Kwa sasa akitia udhu nakaa naye. Namshika mguu, maji yakishapita namwambia, "Tayari mama." Naye ananiamini.

Nisalimie wifi Biubwa, Ally na Fauzia. Shangazi Time anakusalimu sana. Mungu akufikishe salama, umkute mama bado amesimama.

Mdogo wako akupendaye, anayekungoja,
Umi