Blanketi Kumi na Nne

Jumatatu, 4 Agosti
Ile sauti bado iko kichwani. Kofi moja nililopiga jana katikati ya chumba, likanirudia kama sufuria iliyoanguka na kukataa kutulia. Leo nimepiga mengine kumi. Mama ameniuliza dirishani kama nimeokoka upya.

Kampuni moja ya vitabu Nairobi inatafuta msomaji wa hadithi za shule. Walipenda sauti yangu. Chumba hawakukipenda: "Unasikika kama uko ndani ya tangi." Nirekodi tena, nitume kabla ya Ijumaa jioni. Nikishindwa, wiki ijayo naenda Ishiara kuuza dukani kwa Mjomba. Digrii ya fasihi, dawa za minyoo ya mbuzi.

Jumanne, 5 Agosti
Nimebandika trei za mayai ukuta mzima. Mtandaoni wanaapa kwamba zinameza mwangwi. Hazimezi chochote. Sasa niko ndani ya tangi linalonuka kuku.

Nimesoma zaidi. Kinachotakiwa ni kitu kizito, kinene, laini. Yaani blanketi.

Jumatano, 6 Agosti
Nimezunguka kwa majirani nikiazima. Kumi na nne. Sipendi kueleza mambo yangu, kwa hiyo kila mlango nimesema tu, "Tuna shughuli Ijumaa." Wote walitabasamu mno. Mama Njeru, mwenyekiti wa kina mama kanisani, alinipa ya maua, mpya, bado kwenye nailoni, akanishika mkono muda mrefu. Nadhani ni wema tu.

Nimezipigilia ukutani. Mwangwi umepungua nusu. Nusu haitoshi.

Alhamisi, 7 Agosti
Saa nne asubuhi, vigelegele getini. Kina mama kumi na mmoja, kila mmoja na masweta mawili kwa baridi hii, leso juu yake, ndizi, sukari, debe la viazi. Huku Kianjokoma msichana wa miaka ishirini na saba akiazima blanketi nyingi hivyo, ni wageni wa mahari wanaokuja kulala. Mama alisikia uvumi tangu jana na hakuukanusha. Anasema alitaka kuufurahia kidogo.

Waliingia kukagua chumba cha wageni. Wakakuta blanketi zao na misumari.

"Hakuna wageni," nikasema. "Ni za kurekodi sauti."

"Na bwana?" Mama Njeru.

"Hakuna bwana."

"Hata mmoja? Wawira, umepigilia blanketi yangu msumari ndiyo uongee peke yako?"

Masikio yaliniwaka. Nikaanza kujitetea, na hapo hapo nikanyamaza. Maneno yangu hayakuwa yamerudi. Nikapiga kofi. Kimya, kavu, safi. Masweta ishirini na mawili na waliomo ndani yake walikuwa wamemeza kila kitu.

Nikawaomba wakae dakika tano bila kusema neno. Afadhali ningeomba mahari.

Mama Njeru alisali kwanza, kwa kirefu. Nikaanza kurekodi. Mara ya kwanza simu ya mtu ikalia. Mara ya pili, nilipofika pale kwenye hadithi mjane anapoibiwa ng'ombe, Mama Njeru akaruka: "Woi! Na majirani walikuwa wapi?" Nilimtazama vibaya, nikaendelea kusoma hadi mwisho. Mara ya tatu wakanyamaza kama kaburi. Nikasoma kama chifu barazani.

Walikula viazi vyao hapa hapa. Waliniuliza mara tatu kama ng'ombe alipatikana.

Ijumaa, 8 Agosti
Nimesikiliza tangu asubuhi. Ya tatu haina kosa. Inachosha. Ya pili, kuanzia ile "Woi", sauti yangu inabadilika: namsimulia mtu. Nimekasirika. Wiki nzima nimepigania usafi. Kampuni imesema wazi kwamba haitaki kelele yoyote.

Mama anasema nitume iliyo safi, niache maringo. Ishiara kuna joto na mimi sipendi joto.

Jumamosi, 9 Agosti
Ukungu hadi mlangoni. Nimeshona matundu ya misumari, nimerudisha blanketi kumi na tatu. Ya maua Mama Njeru ameikataa. Anasema ikae hapa, atakuja kuikalia nikirekodi tena.

Jana saa kumi na moja kasorobo nilituma ya pili, na "Woi" yake ndani. Kisha, kabla ya jibu lolote, nikampigia Mjomba nikamwambia atafute mtu mwingine.