Kuiuliza Mashine Kama Ndiyo Iliyoandika

Voi, Jumanne

Kosa la walimu wengi ni kuiuliza mashine kama ndiyo iliyoandika insha ya mwanafunzi. Akili unde haikumbuki imemwandikia nani. Inatoa tu jibu linaloelekea kufaa, na mara nyingi jibu hilo ni ndiyo.

Nimelieleza hilo leo chuoni, katika mafunzo ya wahadhiri, polepole, mara mbili. Daktari Nyambu hakuamini. Nikamwambia atie kwenye mashine ukurasa wa tasnifu yake ya zamani, aiulize. Mashine ikadai imeuandika yenyewe.

"Wee! Kumbe niliandikiwa na kitu ambacho hakikuwa kimezaliwa!"

Chumba kizima kikacheka. Yeye aliacha kucheka mapema.

Alinifuata nje. Wiki jana aliiuliza mashine vivyo hivyo kuhusu insha ya Wakesho, mwanafunzi wake, msichana kutoka kijiji cha Mwanda, aliyeandika juu ya matuta ya shamba la nyanyake. Ikasema ndiyo, naye akaandika ripoti kwamba msichana amedanganya. Kesho kikao cha nidhamu kinaweza kumfukuza.

"Ondoa ripoti, mwanangu."

"Mzee, ishafika kwa mkuu wa idara. Nitaonekana sijui kazi."

"Msichana mwenyewe umemuuliza?"

Hajamuuliza.

Nimechoka. Nawafundisha watu wazima kuiuliza mashine maswali mazuri, nao wanasahau kumuuliza mtu aliye mbele yao. Labda mafunzo yangu ndiyo yanayowazoesha hivyo, na kama ni hivyo...

Basi, mzee, weka kalamu chini. Mpigie Nyambu sasa, umwambie amwite Wakesho leo hii, msichana mwenyewe amweleze jinsi matuta yanavyochimbwa kwao.