Mavumbi ya Langoni kwa Gentille

MAELEZO YA SHAHIDI
Yamechukuliwa katika kituo cha polisi, Bunia, tarehe 14 Machi 2024, mbele ya afisa Didier Kasereka.

Naitwa Jeanine Uvoya, umri miaka 49, mwandishi wa habari wa redio, mkaaji wa mtaa wa Saio. Sina udugu na mlalamikaji wala na mtuhumiwa.

Kisigino changu cha kulia kinaniuma tangu mwaka jana. Asubuhi nilikuwa nashuka kitandani nikishikilia ukuta. Gentille, ambaye ni kine, yaani mtaalamu wa kutibu viungo na misuli, alinianzishia tiba ya mawimbi ya mshtuko. Ana mashine ndogo inayobebeka kama redio, yenye waya na kipini. Anapaka jeli mahali panapouma, anagandamiza kipini, nacho kinagonga ta-ta-ta-ta, haraka sana. Kinauma. Lakini wiki hii nimeshuka kitandani bila kuushika ukuta.

Mnamo tarehe hii ya leo, saa tatu asubuhi, nilikuwa nimelala kwa Gentille, mguu umepakwa jeli. Wachimbaji wawili wa dhahabu walikuwa wakingoja kwenye benchi, mmoja anaumwa bega, mwingine mgongo. Polisi watatu waliingia pamoja na jirani, Papa Marcellin, aliyekuwa zamani mchimbaji katika migodi ya Mongbwalu. Aliinyooshea mashine kidole.

"Njo ile," alisema. "Anatwanga mawe ya zahabu mu nyumba bila ruhusa. Miye nilitwanga miaka kumi na tano. Sauti ya mawe ninaijua."

"Papa, ile mawe iko wapi?" Gentille aliuliza.

"Weye njo unajua kwenye unaificha."

Polisi walitazama chini ya kitanda. Walikuta kiatu changu. Walisema mashine inachukuliwa, na kabla ya jioni itapelekwa kwenye ofisi ya madini. Gentille alichomoa waya, akaifunga mashine katika kitenge, akaibeba mwenyewe kifuani. Njiani aliniambia kwamba aliingoja miaka miwili, na ikianguka hakuna mtu wa kuitengeneza hapa mjini. Nilimfuata nikiwa na kiatu kimoja. Ule mguu wa jeli ulishika vumbi lote la barabara.

Hapa kituoni, wewe afisa ulimuuliza Papa Marcellin ana ushahidi gani zaidi ya sauti. Alijibu kwamba ana mavumbi.

Kila mtu wa hapa anajua: mahali dhahabu inapotwangwa au kupimwa, mavumbi ya mlangoni hayatupwi. Yanafagiwa, yanaoshwa katika beseni ili kupata chembe za dhahabu. Papa Marcellin alieleza kwamba tangu wachimbaji waanze kuja kwa Gentille, yeye hufagia langoni pa Gentille kila alfajiri kabla huyo mwenyewe hajaamka, kisha huenda kuyaosha nyuma ya jiko lake.

"Ulipata nini?" ulimuuliza.

"Hata chembe. Njo nikajua huyu ni mwizi mukubwa. Muntu anatwanga siku zote, na mavumbi yake haitoe kitu?"

Polisi mmoja alitoka nje. Tulimsikia akicheka.

Gentille alimgeukia jirani yake. "Kumbe ni weye unafagiaka? Nilizani ni roho muzuri. Nilikuombea mu kanisa, Papa."

Papa Marcellin alikuwa anasugua kiwiko chake cha kulia. Gentille akamuuliza kinamuuma tangu lini.

"Tangu Mongbwalu. Nyundo."

Gentille aliomba ruhusa ya kuchomeka mashine, nawe ukaitoa. Alikishika kiwiko, akakikunja na kukinyoosha, akauliza maswali yake, akapaka jeli, akaanza polepole. Ta-ta-ta-ta. Papa Marcellin alifumba macho, akasikiliza.

"Hapa mawe haiko," alisema. Kisha, baada ya kidogo: "Ongeza, binti yangu."

Hayo ndiyo niliyoyaona kwa macho na kuyasikia kwa masikio. Sina la kuongeza wala kupunguza.

(Sahihi) Jeanine Uvoya

Dokezo la afisa: Shahidi amesomewa maelezo yake, ameyakubali na kutia sahihi. Mashine imerudishwa kwa mwenyewe, ikiwa nzima. Mlalamikaji ameondoa malalamiko. Mtuhumiwa hadai fidia. Anaomba tu jirani asiache kufagia, na kwa sasa atumie mkono wa kushoto. Mlalamikaji amekubali.