Sikwenda kwa Mdogo Wangu

Mke mwenzangu, mjukuu wangu,

Chai imo kwenye chupa. Mume wetu, babu yako, apewe dawa akishakula, hata akinuna.

Asubuhi uliposoma malengo yetu ya mwaka jana, uliniuliza, "Bibi, ulikwenda kumwomba radhi mdogo wako?" Nikasema nilikwenda, ukanipigia vema kwa kalamu nyekundu. Nilidanganya. Mwaka mzima sikutia mguu kwake. Uso nitauweka wapi, mtu mzima kumdanganya mtoto? Vema hiyo ifute. La mwaka huu usiniandikie jipya, hilohilo linanitosha.

Nimekwenda kwake sasa. Nitarudi ~~jioni~~ sijui saa ngapi. Akinifungia mlango, nitakuja kukuambia hivyohivyo.

Bibi yako