Kisoma Diski cha Nyundo

Jumatatu, 3 Machi

Sasa hivi Kidoti kanipiga bisibisi ya shavu! Nimemnyang'anya skrubu aliyokuwa anainyonya kama peremende, naye akaokota bisibisi — pa! Kisha akanibusu palepale palipouma. Miaka miwili, mkono kama wa mhunzi. Nimecheka mpaka machozi.

Leo mezani mashine za gemu zilikuwa mbili. Moja ya Nyundo, mwenye chumba cha gemu ng'ambo ya barabara. Nyingine ya mwalimu, jirani yetu. Zote zinachemka na kujizima. Kwa watu fundi ni Baba Kidoti, ila vidole vyembamba ni vyangu, kwa hiyo kufungua na kulehemu ni mimi. Nimetoa vumbi, nimezipachikia feni za kompyuta kuukuu. Zinapumua! Kidoti akaanza kulia, nikazifunga mbiombio. Jioni wenyewe wakaja kuzichukua.

Jumanne, 4 Machi

Nyundo kaja asubuhi na mashine yake kwapani. Eti haisomi diski hata moja. Eti tumeiba kisoma diski chake tukamwekea kibovu. "Mimi wa kuchezewa, mimi?"

Baba Kidoti akamwambia tulia bosi wangu, tuangalie. Hakumaliza. Nyundo alimbamiza uso mezani, akamburuta mpaka mlangoni, akamwekea mkono kwenye fremu, akaubamiza mlango. Vidole viwili. Nilisikia vikivunjika, kama kuni kavu. Mimi nimemziba Kidoti macho, namwimbia. Sijui niliimba nini.

Mashine kaiacha. Kasema Ijumaa saa nne anataka kisoma diski chake, la sivyo anamalizia mkono wa pili.

Baba Kidoti anaapa wezi ni vijana wa Nyundo wenyewe.

Alhamisi, 6 Machi

Nimejua. Ni mimi.

Visoma diski vinafanana kama mapacha, lakini kila kimoja kimeozwa bodi yake kubwa tangu kiwandani. Ukikipeleka kwa mume wa mwenzake, hawaongei. Skrubu nilizitenga kwenye visosi viwili, vizuri kabisa. Visoma diski nikavifuta kwa kitambaa kimoja, nikavilaza pamoja! Cha Nyundo kiko ndani ya mashine ya mwalimu. Naye hajui, gemu zake zote anapakua mtandaoni, diski hana.

Nilitaka kumwambia Baba Kidoti. Nilimkuta anahangaika na kifungo cha shati kwa mkono mmoja. Nikakifunga kifungo, nikafunga na mdomo.

Mwalimu kasafiri, anarudi kesho alfajiri. Nitavibadilisha kimyakimya na yataisha. Yataisha tu!

Jioni shemeji, mdogo wake Baba Kidoti, kaleta nondo tatu kwenye gunia. "Kaka, waibe wao, tupigwe sisi? Hatungoji hiyo saa nne." Wakaijaribu moja, wakaifunga kwa bendeji kwenye mkono ulioumia. Baba Kidoti akacheka. Sijawahi kumsikia akicheka vile. Nikasema, mume wangu, nisikilize kidogo. Akasema, Mama Kidoti, kaa na mtoto.

Ijumaa, 7 Machi

Saa tatu na nusu. Mwalimu kanipa mashine yake bila maswali, hata Kidoti kampokea akae naye. Niliporudi, nyumba tupu. Nondo hazipo.

Nilifika mlangoni nivuke, nikageuka. Mikono mitupu, nani atanisikia? Nikakaa, nikafungua zote mbili. Sijawahi kufungua haraka hivi, nimejichana kiganja, damu iko kwenye skrubu.

Ng'ambo wanavunja. Vioo, viti, tena vioo. Kuna mtu analia nakufa jamani, nakufa. Si sauti ya Baba Kidoti. Nadhani si yake.

Naandika huku ya Nyundo inajiwasha, mikono ipate kutulia. Nimeingiza diski. Imeivuta. Inazunguka —

INASOMA! Jamani, inasoma!

Naibeba hivi hivi. Nitaiweka katikati yao nitasema, Baba Kidoti, tupa hiyo nondo, hakuna aliyeiba, si wao si sisi, mkono uliokosea ni huu hapa. Nyundo akitaka aniponde mimi. Lakini akiiona inasoma atapoa, mtu akipata chake si anapoa? — mwalimu ananiita dirishani, anasema niache kila kitu nije na shuka, nyingi, upesi, Baba Kidoti ame