Duka la Kigombe Kwenye Kioo

Jumatatu, 6 Juni 1994
Leo tena saruji na madumu ya mafuta ya taa. Mgongo unauma. Lakini nimeona kitu! Kompyuta ya ofisini ilikuwa inaandika tu kilichoingia ghalani na kilichotoka. Sasa inachora. Nasrin, binti wa tajiri, na fundi wa kutoka Dar wameongeza sehemu hiyo ndani ya programu ileile. Anabonyeza, mauzo ya kila duka letu yanasimama kwenye kioo kama minara, wiki kwa wiki. Wiki nzuri mnara mrefu, wiki mbaya mfupi. Shule niliishia darasa la tano, Kiingereza sijui, na nimeelewa. Nilisimama mlangoni na mfuko begani mpaka Shemdoe, mwenzangu wa kupakia, akanipigia kelele: "Muha kaona televisheni isiyo na mpira!" Nikacheka. Sijali.

Jumanne, 7 Juni
Furaha imeingia mchanga. Duka la Kigombe linachorwa kama mlevi. Mara juu, mara chini, hakuna mwezi unaofanana na mwenzake. Mzee Akbar, tajiri wetu, anataka kulifunga. Zamani sabuni ikifika iligombewa, duka lolote lilikuwa duka. Siku hizi bidhaa zimejaa, anayetafutwa ni mnunuzi.

Kigombe ndiko nilikoahidiwa kazi. Msaidizi wa duka, na chumba cha nyuma. Hapa Makorora tunalala wanaume wanne chumba kimoja. Siwezi kumleta mke humu. Yustina yuko Kasulu, ananingoja tangu harusi. Duka likifungwa, basi tena.

Naichukia ile mashine.

Alhamisi, 9 Juni
Mama Saumu, muuzaji wa Kigombe, ameitwa. Kaingia amefura.

"Shikamoo mzee. Mmeniita giza hili, wavuvi wa dagaa wananingoja na madumu yao ya mafuta!"

Mzee akamwonyesha mchoro. Mama Saumu akautazama, akasonya. "Kigombe hatuuzi kwa Juni wala Julai. Twauza kwa giza. Mbalamwezi ikiwaka, nani atawasha karabai baharini? Dagaa hufuata taa penye giza tu."

Nilikuwa natua dumu. Sikulitua.

Mzee kaitazama kalenda ya ukutani, ile yenye miezi ya Kiislamu inayoanza mwezi unapoandama. "Nasrin, mashine yako yaijua Muharram?"

Nasrin akacheka mpaka akakaa chini. Fundi hakucheka. Kasema ni kazi, ila inawezekana. Moyo unanipiga kama nimepakia lori zima peke yangu.

Jumamosi, 11 Juni
Imechora! Ni duka lilelile na mauzo yaleyale, ila sasa kwa miezi ya kuandama. Kila mwezi una sura moja: mwanzoni juu, katikati bonde, mwishoni juu. Mwezi baada ya mwezi. Mlevi kapata fahamu. Nasrin katuita sote tuone. Nimepiga makofi peke yangu, halafu Shemdoe naye akapiga.

Mzee kasema kosa ni la lori letu. Tunapeleka mafuta mwisho wa Juni, mwisho wa Julai, mara nyingine mbalamwezi tupu, yanakaa tu. Mara nyingine giza linafika, duka tupu, lori bado. Sasa lori litatangulia giza. Duka halifungwi.

Akanigeukia: "Na wewe Muha, jiandae."

Mifuko ya jioni nimebeba kama pamba. Shemdoe kasema nimepata wazimu. Kweli.

Jumapili, 26 Juni
Kigombe. Mbalamwezi. Duka kimya, kama mchoro ulivyosema. Mama Saumu kasinzia juu ya kaunta, hana wasiwasi. Mafuta yamejaa, yanangoja giza.

Nimefagia chumba cha nyuma. Nimepigilia misumari miwili ukutani. Kwenye mmoja nimetundika shati langu, wa pili unangoja kanga.